Pikipiki Yenye Namna Yake

Majirani zangu, wa mbele na wa nyuma, mnaonijua na msionijua, vuteni viti tuongee. Mimi ni fundi pikipiki. Nimeshika spana miaka ishirini na sita, kucha zangu hazikuwa safi hata siku ya harusi yangu, na kuzungukazunguka maneno sijui. Nataka kuwaeleza yaliyoipata nyumba ya mdogo wangu wa kike. Wengi wenu mlisikia. Ila mlichosikia kilikuwa uongo, na uongo huo niliuacha mimi mwenyewe utembee mtaani siku tatu nzima huku nikijua ukweli uko wapi.

Nyumba ile ilikuwa na amani. Nianze na hilo, msije mkadhani palikuwa na ugomvi. Shemeji yangu alikuwa msambazaji wa mikate. Kukipambazuka tu yuko mlango wa nyuma wa kiwanda cha mikate, anafunga kreti mbili nyuma ya pikipiki, anazunguka madukani, shuleni na kwenye kantini ya hospitali. Saa nne asubuhi yuko nyumbani, nguo zake zinanukia mkate, na mtaa mzima unamwita Mikate. Mdogo wangu alikuwa anasafisha kreti, anafunga maandazi kwenye mifuko, na kichwani mwake, bila daftari, alijua duka gani linataka mikate mingapi siku gani. Binti yao, mpwa wangu, ana miaka kumi na minne. Akitoka shule anamkuta baba yake amelala barazani na kofia usoni, anamvua ile kofia, baba anajifanya kukasirika, mama anacheka. Kila siku hivyohivyo, na kila siku wanacheka kama ndiyo mara ya kwanza.

Sasa nyumba ile ilikuwa na tabia moja. Kila kitu kilikuwa na namna yake. Mlango wa mbele ukitaka kuufunga sharti uuinue kidogo kwa goti. Bomba la uani lilifungwa mpira, ukilifungua unashika mpira kwanza, la sivyo unaoga bila kukusudia. Swichi ya sebuleni unaibonyeza mara mbili, ya pili kwa upole. Jiko la gesi jicho la kushoto ni la mapambo tu. Mgeni akija anapewa mafunzo kabla ya kupewa kiti. Shemeji alikuwa anajivunia haya mambo.

"Ina namna yake," anakwambia, na anakuonyesha kama mtu anayekuonyesha mtoto aliyefaulu mtihani.

Mdogo wangu hakupenda. Alikuwa na msemo wake, sijui aliutoa wapi, pengine aliutunga mwenyewe: "Kitu kizima hakihitaji maelezo." Akimwambia mumewe tumwite fundi wa milango, mumewe anajibu, "Si unafungika? Basi." Hapo mazungumzo yanakwisha, maisha yanaendelea.

Usicheke, ndugu yangu. Kwako wewe kuna nini? Dirisha? Soketi inayotoa cheche? Tutafika huko.

Matatizo yalianzia mgongoni. Shemeji ni mtu mrefu, na pikipiki ile usukani wake ulikuwa chini na mbali. Ukiipanda unainama mbele kama unayetafuta sindano iliyoanguka. Ukiongeza na mzigo nyuma, kila bonde la barabara linakuingia kiunoni. Miaka sita aliinama hivyo. Ikafika mahali vidole vinakufa ganzi anaposhika mkate wa mwisho, na akirudi nyumbani hawezi kunyanyua ndoo. Usiku anageuka kitandani kwa awamu. Kliniki wakamwambia maneno mawili: aidha apumzike miezi mitatu, au atafute namna ya kukaa wima.

"Miezi mitatu mikate ijipeleke yenyewe?" aliniuliza.

Mdogo wangu akawa na wazo lake. Alimwambia mbele yangu, tukiwa tunakunywa chai uani kwao, "Nifundishe kuendesha. Asubuhi upeleke wewe, mchana nipeleke mimi. Mgongo wako utapata nusu siku."

Shemeji alicheka kwanza. Halafu akamtazama, akaona mwenzake hacheki.

"Unaweza kweli?"

"Wewe uliweza, sembuse mimi? Na wewe unakata kona ukiangalia watu wanaokusalimia."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Lakini niliona macho ya mdogo wangu. Hakuwa anatania. Alitaka ile pikipiki tangu zamani, na si kwa sababu ya mgongo wa mume peke yake. Alitaka kuona watu anaowafungia maandazi kila siku wako wapi. Miaka yote anawajua kwa idadi ya mikate tu. Basi wakakubaliana: kwanza usukani upandishwe ili baba apate nafuu, halafu mama afundishwe.

Wakaja kwangu wote wawili, siku ya Jumamosi.

Karakana yangu mnaifahamu, bati tatu na ardhi nyeusi kwa oili. Nilikuwa nimeshapata usukani mpya, ulio mrefu na uliopindia kwa nyuma, na vipande viwili vya chuma vya kuuinulia, unene wa vidole vinne. Kazi yenyewe si ngumu. Unafungua ule wa zamani, unaweka vyuma vyako chini, unakaza usukani mpya juu yake, unahamisha vishikio, vioo na swichi. Nilimkalisha shemeji, nikamwambia afumbe macho anyooshe mikono pale inapopenda kwenda, nikakaza usukani palepale. Alipofumbua macho alikuwa amekaa wima, mabega chini, viwiko vimelegea.

"Ah!" alisema. "Shemeji, niko sebuleni kwangu!"

Mdogo wangu akapiga makofi. Akasema anakwenda dukani mkabala kununua sabuni, tukimaliza tumwite.

Hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize vizuri, maana kisa chote kiko hapa.

Usukani ukiupandisha, kila kinachotoka kwenye usukani kwenda chini kinavutika. Waya wa klachi ulifika bila shida. Mpira wa breki niliutoa kwenye kishikizo chake, nao ukafika. Ukabaki waya wa mafuta, ule unaotoka mkono wa kulia kwenda kuipa injini nguvu. Usukani ukiwa umenyooka, ulifika. Nikakata kulia, ukafika. Nikawasha injini, nikakata kushoto mpaka mwisho, na injini ikapanda yenyewe. Vuuuu! Sijagusa mafuta. Nikarudisha usukani, ikashuka. Nikakata tena kushoto, vuuuu! Waya ulikuwa mfupi kwa upana wa kidole kimoja, basi ukifika kona ya mwisho unajivuta wenyewe kana kwamba dereva ameongeza mafuta.

Niliupitisha njia nyingine, nikalegeza pale panapolegezwa. Bado.

"Hapa panataka waya mrefu," nilimwambia shemeji. "Hawana dukani. Mpaka mzigo uje, kama wiki mbili. Nirudishe usukani wa zamani kwa sasa?"

Uso wake ulibadilika kama mtoto aliyenyang'anywa embe mdomoni. "Unirudishe kule chini? Baada ya kuonja hivi? Shemeji, barabarani nani anakata kushoto mpaka mwisho?"

Na ni kweli. Barabarani hakuna anayekata hivyo. Usukani unakatwa mpaka mwisho mahali pa kubana tu: kichochoroni, getini, uani kwako. Nilifikiri hivyo, nikaona ana hoja. Nikamwambia, "Basi ukiwa mahali pa kubana, zima injini, shuka, sukuma."

Akacheka. "Kumbe nayo ina namna yake! Imekuja kwenye ukoo wake."

Halafu akasogea karibu, akapunguza sauti. "Ila mwenzangu usimwambie. Unamjua. Atanikatalia kuipanda mpaka iishe, na mikate itabaki kiwandani. Nitamwambia mwenyewe siku ya kumfundisha."

Mdogo wangu akarudi na sabuni yake. Akapanda, akashika usukani, akanyoosha mgongo. Akajitazama kwenye kioo cha pembeni, akarekebisha kilemba.

"Kaka, imekaa vizuri jamani. Imeisha?"

Nilikuwa nafuta mikono kwa kitambaa. Nikaendelea kuifuta, ingawa haikuwa na kitu tena.

"Imeisha," nikasema.

Neno moja. Ningeweza kusema "bado". Hata herufi ni chache zaidi. Nilimlea yule mtoto, nilimfundisha kufunga kamba za viatu, na siku aliyoniuliza swali moja la kweli kuhusu kazi ninayoijua kuliko kitu chochote duniani, nilimdanganya ili nimfurahishe mume wake.

Wiki zilizofuata zilikuwa tamu, na utamu ndio ulioharibu. Mgongo wa shemeji ulipona. Vidole vikarudi. Akawa anarudi na mluzi, ananyanyua ndoo mbili mbili, anamkimbiza binti yake uani. Waya mrefu ulikuja dukani, nikaununua, nikautundika kwenye msumari ukutani pangu. Nikamwambia.

"Kesho nitakuja," akasema.

Kesho ikawa na mikate mingi. Keshokutwa mimi nikawa na pikipiki mbili za watu wenye haraka. Kuubadilisha waya ule ni kazi ya nusu siku, kutoa tangi na kurudisha, na nani anataka kulaza mikate nusu siku kwa kitu kisichomsumbua? Tukikutana njiani ananiambia, "Shemeji, nakuja," namjibu, "Nipo." Tulisalimiana hivyo mpaka ikawa ndiyo salamu yetu. Ngojangoja huumiza matumbo, tunasema wenyewe, na tunaendelea kungoja.

Na mwili wa binadamu unazoea, jamani. Shemeji hakuhitaji tena kukumbuka. Akifika getini kwake anapitiliza kidogo, anazungukia mbele ya nyumba ya jirani, anaingia kwa mduara mkubwa. Jirani yule, mama mpika uji, alikuwa anamtania, "Wewe Mikate, kwako ni kule, huku unatafuta mke wa pili?" Anacheka, anaingia. Mikono yake ilikuwa imeshajifunza kuikwepa ile kona, na kichwa kikasahau kwamba kuna kinachokwepwa.

Akaanza kumfundisha mkewe, jioni, uwanja wa shule. Nilikwenda kuwatazama mara mbili. Nawaambia kama fundi, sisemi kama kaka: mdogo wangu aliendesha vizuri. Mgongo wima, macho mbali, mkono mwepesi kwenye mafuta. Alizunguka ule uwanja kwa miduara mipana, kilemba kimekaza, na binti yake anamhesabia mizunguko kwa sauti. Uwanja ni mpana. Hakuna pa kukata kona kali. Nilisimama pale nikajiambia, shemeji ameshamwambia. Naye, aliniambia baadaye, alijiambia atamwambia siku ya kwanza ya kuingia barabarani.

Siku hiyo ikaja bila kubisha hodi. Ilikuwa Alhamisi. Shemeji alikwenda kliniki kwa miguu kupimwa mgongo, akiwa na furaha, maana alijua ataambiwa amepona. Saa sita mpishi wa shule akapiga simu nyumbani: mikate imepungua, watoto watakosa, kuna namna? Mdogo wangu akatazama mikate iliyobaki, akatazama pikipiki. Akamwambia binti yake, ambaye siku ile alikuwa nyumbani kwa mafua, "Nakwenda na kurudi."

Alikwenda. Alifika. Mpishi wa shule alinieleza kwamba aliegesha vizuri, akashusha kreti, akacheka akasema, "Kumbe wewe ndiye mikate arobaini!" Wakashikana mikono. Akarudi barabara ile ile, akampisha mama mwenye toroli, akatoa ishara kila mahali pa kutoa ishara. Njia nzima hakukosea hata kitu kimoja.

Akafika getini kwake.

Yeye hakujua kwamba anatakiwa kupitiliza na kuzungukia mbele ya jirani. Aliingia kama mtu yeyote anavyoingia kwake: akapunguza mwendo, akakata kushoto. Geti ni jembamba, akakata mpaka mwisho. Injini ikanguruma. Pikipiki ikaruka mbele pale ambapo ilitakiwa kutambaa, ikagonga nguzo ya geti, na ncha ya usukani, ule usukani mpya mrefu niliouweka mimi, ikamwingia chini ya mbavu.

Binti yake alikuwa uani. Aliniambia mama alikuwa anatabasamu wakati anaingia.

Alinyanyuka mwenyewe. Alisema hajaumia, ameona aibu tu. Akakaa barazani, akaomba maji. Jirani mpika uji akamwona midomo imegeuka rangi, akapiga kelele, ikatafutwa gari. Kumbe damu ilikuwa inavujia ndani.

Nilimkuta hospitali, kwenye kitanda cha pembeni, wanasubiri chumba cha upasuaji. Shemeji alikuwa upande wa pili wa kitanda, na karatasi aliyopewa kliniki bado mkononi. Mdogo wangu aliniona, akanyoosha mkono.

"Kaka. Nilifanya nini?"

"Usiseme sana."

"Sikuvuta mafuta. Naapa mkono wangu ulikuwa umelegea. Nilikuwa naingia polepole kabisa. Wewe unazijua pikipiki, niambie. Nilikosea wapi?"

Nilimtazama shemeji. Shemeji alinitazama.

Ndugu zangu, maneno yalikuwa mafupi: "Hukukosea. Waya ni mfupi. Tulijua." Yangechukua muda gani? Lakini nikafikiri, si sasa, anaumwa, atakasirika, atapandwa presha. Nikafikiri, akitoka nitamwambia, nitapiga magoti hata. Kumbe nilikuwa najihurumia mimi.

"Pumzika kwanza," nikasema. "Tutaongea."

Akafumba macho. Kisha akasema, polepole, kama mwanafunzi anayekubali kosa asilolifanya ili adhabu iishe, "Labda nilivuta bila kujua." Halafu akamgeukia mumewe. "Nisamehe pikipiki yako."

Wakaja na kitanda cha magurudumu, wakampeleka. Jua lilikuwa bado halijazama walipotoka kutuambia.

Msiba ulijaa. Viti vya kuazima, sufuria za kuazima, watu wema wengi. Na watu wema wanasema. Sikuwa na haja ya kutega sikio.

"Nani alimtuma?"

"Mwanamke na pikipiki, wapi na wapi?"

"Alitaka kuonekana. Mume hayupo, yeye huyo barabarani."

"Wanawake wakishtuka tu, badala ya breki wanavuta mafuta. Mkono wao mwepesi."

Mzee mmoja jirani, fundi seremala, mtu ninayemheshimu, alisema hilo la mwisho kwa huruma kabisa, huku anatikisa kichwa. Mimi nimekaa kiti cha pili kutoka kwake. Sikufungua mdomo. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Siku ya tatu mpwa wangu alinikuta nyuma ya nyumba nikijifanya kupasua kuni. Akakaa juu ya gogo.

"Mjomba, mama angekaa tu nyumbani angekuwepo."

Nikashusha shoka.

"Wanasema hakujua. Mimi nilikuwa namhesabia mizunguko uwanjani, nilidhani anajua. Nilimsifia. Nisingemsifia asingethubutu."

Akalia bila sauti, mabega tu yanacheza. Mtoto wa miaka kumi na minne amejibebesha kifo cha mama yake, na mwenye mzigo amesimama mbele yake na shoka. Nilimshika kichwa. Bado sikusema. Oneni mlivyokaa na mwoga miaka yote mkimwita fundi.

Nilikwenda karakana nikakaa peke yangu. Waya ulikuwa pale kwenye msumari, mpya, haujafunguliwa plastiki yake. Nilikaa nao mpaka nikaona kwamba nikiendelea kunyamaza nitamuua mdogo wangu mara ya pili, na mara hii pamoja na mtoto wake.

Siku ya nne, asubuhi, watu wakiwa wamekaa uani, niliingia chumba cha stoo, nikaikokota ile pikipiki mpaka katikati. Taa imevunjika, usukani umepinda kidogo, injini nzima. Watu wakaanza kunong'ona. Shangazi wa mtoto, dada yake shemeji, akasimama. "Fundi, wewe una akili kweli? Kitu hicho unatuletea hapa?"

"Shangazi, naomba unisikilize halafu unitukane. Nitapokea yote."

Shemeji alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani. Alijua. Akasema kwa sauti ndogo, "Shemeji, basi. Acha yapite."

"Hayapiti," nikamwambia. "Yatampita nani? Huyu mtoto?"

Nikaisimamisha kwa stendi ya kati, gurudumu la nyuma likiwa hewani. Nikawasha, nikatia gia. Nikamwita mzee seremala, nikamwomba ashike ncha ya kushoto ya usukani, kidole kisiguse upande wa mafuta, na mimi nikanyanyua mikono yangu juu wote waione.

"Kata kushoto, mzee. Polepole. Mpaka mwisho."

Akakata. Injini ikanguruma, gurudumu la nyuma likazunguka kwa kasi mpaka watoto wakarudi nyuma. Mzee akaachia usukani kana kwamba umemuunguza.

Nikawaambia. Usukani, vyuma, waya, Jumamosi ile, neno "imeisha". Sikumtaja shemeji, lakini nilipofika hapo alisimama mwenyewe, akasema, "Nilimwambia asimwambie. Mimi. Niliogopa atanikatalia." Akakaa tena. Shangazi alijifunika uso kwa khanga. Mzee seremala alikaa chini bila kutafuta kiti.

Mpwa wangu alitoka mlangoni akaja mpaka kwenye pikipiki.

"Rudia," akaniambia.

Nikakata kushoto. Vuuuu.

"Rudia tena."

Nikarudia. Aliisikiliza ile sauti mpaka ikashuka.

"Kwa hiyo mama alijua kuendesha."

"Alijua. Aliendesha vizuri kuliko baba yako na kuliko mimi."

Akaitikia kwa kichwa. Niliona kitu kimemtoka mabegani, na nikashukuru. Halafu akanitazama usoni.

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Hakulia, hakupiga kelele. Akaingia ndani. Tangu siku hiyo ananisalimia, heshima anayo, mama yake alimlea. Nikipita kwao ananiletea kiti na maji. Lakini mjomba haniiti tena. Ananiita fundi.

FUNZO

Sikuwasimulia haya ili mnihurumie, wala ili mtu aogope kuinua usukani wa pikipiki yake. Inueni. Mgongo unaouma si sifa, na kuutafutia mwili nafuu si anasa. Lakini kazi ikiguswa, iguswe mpaka mwisho. Ukipandisha usukani, washa injini, kata kushoto mpaka mwisho, kata kulia mpaka mwisho, sikiliza. Ikipanda yenyewe, haijaisha. Fundi mwenzangu, tumbo linalokusukuma useme "imeisha" ili mteja atabasamu, lifunge mkanda. Kumwonya mtu si kumtengenezea. Onyo linakaa kichwani mwa aliyelisikia tu, na kifaa kinashikwa na mikono mingi.

Tumezoea ubovu mpaka tunaufanyia utani. Mlango una namna yake, soketi ina namna yake, ngazi usikanyage ya tatu. Sisi tunajua, ndiyo, lakini atakayekuja mbio siku moja na mikono imejaa hajui. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mara nyingine mguu unaoota tende ni wa mwenzako. Ukirudi kwako leo, tazama ni kitu gani ndani ya nyumba yako unachokijua wewe peke yako. Kitengeneze. Kama huna uwezo leo, kisimamishe kisitumike, na waambie wote, hata yule utakayemuudhi. Hasa yule.

Na ukimjua mtu amebebeshwa kosa lisilo lake, usisubiri apone ndipo umwambie. Mwambie akiwa anakusikia.

La mwisho si funzo, ni ombi. Msibani mlisema mengi, na mimi niliwaacha mseme. Mliposema, mlisikika mbali. Basi mnakopita, dukani, shuleni, popote mlipolisema lile, rudini mseme na hili: yule mama wa mikate alijua kuendesha pikipiki.